Waziri Aliyekataa Kukata Utepe

Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mumewe, na hilo ndilo jambo la kwanza watu walilolisema juu yake hata baada ya kuwa waziri. Kinamama aliowazalisha walisema mikono ile ina joto hata asubuhi za baridi kali. Wapinzani wake bungeni walisema ni mikono ya kufulia nguo, si ya kutia saini. Yeye hakuwahi kuificha. "Kila anayenisema mikono," alizoea kujibu, "alianza maisha mikononi mwa mtu kama mimi, yuko uchi na analia. Hakulalamika wakati ule."

Wodini walimwita Mama Subiri. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa mkunga mpya asiyejua hata mahali pa kutundika koti lake. Mama mwenye uchungu akitaka kusukuma kabla ya wakati, yeye alimshika kiganja na kumwambia, "Subiri, mwanangu. Subiri kwanza. Njia haijafunguka." Alilisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba hata wafagiaji waliliiga, na mwishowe jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Wodi yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vilivyochubuka rangi na dirisha lililozibwa kwa kipande cha mbao baada ya kioo kuvunjika. Maji hayakuwepo. Yalitoka kisimani kwenye shule ya jirani, na walioyabeba ni ndugu wa mzazi: mama mkwe, wifi, dada, hata mume akiwa si mtu wa kuona haya. Aliyekuja peke yake aliazimwa ndugu. "Wewe pale, leo huyu ni dada yako," Mama Subiri alimwambia yeyote aliyemkuta amekaa bure kwenye benchi, "chukua ndoo." Na kweli kuna watu katika mji ule ambao mpaka leo wanaitana dada kwa sababu ya ndoo.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote. Kitovu hakikatwi mpaka mtoto alie. Wanafunzi wa ukunga waliotaka kumwonyesha wepesi wa mikono walikiona cha mtema kuni. "Unakimbilia wapi na huo mkasi?" aliwafokea. "Mtoto kwanza alie. Ukikata hajalia, hujazalisha, umefanya sherehe."

Siasa hakuitafuta, ilimfuata mlangoni. Waziri wa afya wa wakati huo alikuja kuweka jiwe la msingi la wodi mpya. Jiwe likawekwa, picha zikapigwa, nyasi zikaota, na mbuzi wakapata mahali pazuri pa kuota jua. Baada ya muda akaja waziri mwingine kuweka jiwe lingine, kando ya lile la kwanza. Katika mkutano wa hadhara Mama Subiri alinyoosha ule mkono wake mkubwa. "Mheshimiwa," aliuliza, "tunajenga wodi au tunapanda mawe?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kile ndicho kilichompeleka bungeni. Uchaguzi ulipofika, wanawake wa mji walimchukulia fomu, wakamzungusha mitaani, na aliposema hajui siasa walimjibu kwa maneno yake mwenyewe: "Sukuma, mwanangu. Njia imefunguka."

Alikaa viti vya nyuma kwa kipindi kimoja, akiuliza maswali ambayo mawaziri waliyajibu huku wakitazama saa. Kisha serikali, iliyokuwa imechokwa, ikahitaji uso ambao watu wanauamini. Jina lake lilisomwa redioni katika orodha ya mawaziri wapya. Mumewe, fundi saa, alikuwa amefungua tumbo la saa ya ukutani juu ya meza yake ya kazi.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema bila kuinua macho, maana alikuwa ameshika skrubu ndogo kama chawa. "Sasa nani atapika?"

"Yuleyule aliyepika jana."

"Nilijua tu," alisema fundi saa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyepika jana, na juzi pia, wote wawili walicheka.

Wizarani alikuta zulia, kiti kinachozunguka, simu tatu na mkasi. Mkasi ule ulikuwa na mpini wa rangi ya dhahabu, ulilala ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu, na ulikuwa na safari nyingi kuliko waziri mwenyewe. Kila jengo lililokamilika, au lililokaribia kukamilika, au lililopakwa rangi upande unaoonekana barabarani, lilifunguliwa kwa mkasi ule. Aliyeutunza ni katibu mkuu wa wizara, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyewahi kuwahudumia mawaziri wengi na kuwaaga wote kwa tabasamu lilelile.

Mama Subiri hakuwa waziri wa kukaa. Aliingia kwenye stoo za dawa bila taarifa. Aliwakuta waganga wakuu wakiwa wamevaa kandambili. Alibishana na wakubwa kuhusu glavu mpaka zikapatikana. Lakini jambo alilolikalia kama kuku anavyokalia mayai ni ile wodi ya mjini kwake, na safari hii kuta zilisimama. Vigae vikawekwa, vitanda vyenye magurudumu vikaja, mlangoni kukajengwa baraza lenye sinki la kunawia mikono. Kilichokosekana ni maji. Bomba kubwa lilikuwa limeishia njia panda ya barabara kuu, na kipande kilichobaki kiliandikwa kuwa ni kazi ya awamu ya pili.

"Tufungue kwanza, Mheshimiwa," alishauri katibu mkuu. "Maji yatafuata."

"Yatafuata nini? Yatafuata harufu?"

"Mheshimiwa anapenda utani."

"Sifanyi utani. Wewe umekaa hapa miaka mingi kuliko hilo zulia. Niambie, umewahi kuiona awamu ya pili?"

Katibu mkuu alitabasamu na kutazama zulia. Wote wawili walijua jinsi mambo yanavyokwenda. Jengo likishafunguliwa, faili lake hufungwa. Linahesabiwa kuwa limekwisha, linatajwa kwenye hotuba, na atakayeuliza maji anaambiwa hana shukrani. Utepe ukikatwa, bomba lingebaki njia panda mpaka wajukuu wa waliopo wazeeke.

Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia, na wakubwa walitaka wodi ionekane kwenye televisheni. Mmoja wao alimpigia simu mwenyewe. Hakumtisha, watu wa aina hiyo hawatishi. Alimwambia tu kwamba mikono ya kukata utepe haijawahi kuadimika katika nchi hii.

Jioni ile aliketi mezani na mumewe katika nyumba ya serikali, nyumba yenye vyumba ambavyo hawakuwahi kuvifungua.

"Ukikataa watakutoa," alisema fundi saa.

"Watanitoa."

"Na hii nyumba?"

"Tuna nyumba yetu."

"Ile yenye paa linalovuja?"

"Linavuja upande wako wa kitanda," alisema Mama Subiri. "Mimi halijawahi kunisumbua."

Mumewe alitafuna polepole. "Basi tutabadilishana upande," alisema mwishowe. "Maana mimi sikuoa waziri. Nilioa mkunga mwenye kelele. Huyo waziri nilishangaa tu kumkuta ndani."

Hata hivyo hakuwa ameamua. Hakuwa mtu wa kuvunja chungu kwa hasira ya njaa. Kesho yake alimwita katibu mkuu akamwambia atakwenda kukata utepe kwa sharti moja: maji yawepo.

"Siku hiyo maji yatakuwepo, Mheshimiwa," alisema katibu mkuu. "Nakuhakikishia."

Na hakusema uongo. Siku moja kabla ya sherehe, lori lilileta maji na kujaza tangi jeusi nyuma ya wodi mpya mpaka likafurika. Mabomba yote ya ndani yalijaribiwa, yakatoa. Ukitazama kwa jicho la kamera, ilikuwa wodi yenye maji.

Lakini msafara wa wakubwa una desturi zake, na desturi hizo haziulizi. Barabara ya kwenda mjini kule ilikuwa ya vumbi, na magari yalifika yakiwa mekundu kama matofali. Afisa itifaki, kijana aliyetembea kama aliyemeza rula, aliwaita madereva pembeni. Televisheni itapiga picha ya magari yakiwa yamepangwa, alisema. Haiwezekani gari lenye bendera lionekane kama limetoka machimboni. Madereva wakatazama huku na huku wakitafuta maji. Wakaliona tangi. Wa kwanza kuchota alikuwa dereva wa Mama Subiri, mtu safi, aliyelipenda gari lake kama mwali. Wengine wakafuata. Hotuba zilikuwa ndefu, maana kila kiongozi alimshukuru aliyemtangulia na kumkaribisha atakayemfuata, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kuosha magurudumu, vioo, na hata mazulia ya miguuni.

Saa ya utepe ikafika. Mama Subiri alisimama kwenye baraza, kamera zikamzunguka. Katibu mkuu akaleta sinia, na juu ya sinia kile kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa mkasi. Wakati huohuo bibi mmoja alipita kando ya mahema na ndoo yake kichwani, akitoka kisimani kwenda wodi ya zamani. Hakusimama kutazama sherehe. Alikuwa na mkwe kitandani.

Mama Subiri alimfuata kwa macho mpaka alipopotea. Kisha akasema, "Nitanawa kwanza. Mimi siingii kwa wazazi bila kunawa."

Hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini katibu mkuu hakuwa na wasiwasi. Tangi si lilikuwa limejaa? Akamwonyesha sinki kwa mkono, kama mwenye nyumba.

Mama Subiri akafungua bomba. Likakohoa. Likatema uzi mwembamba wa maji ya rangi ya chai, likakohoa tena, kisha likatoa upepo tu, sauti ndefu kama ya mzee anayepanda ngazi. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya umati:

"Maji yameoga magari!"

Vichwa vyote viligeuka. Pale, chini ya jua, yalisimama magari ya serikali yaking'aa kama mayai yaliyomenywa, na mbele ya mojawapo dereva wa waziri alikuwa ameduwaa na kitambaa kinachodondosha matone. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapanda mpaka kwenye mahema ya wageni.

"Ni hitilafu ndogo ya kiufundi, Mama," alisema mkandarasi aliyejenga wodi, akijipangusa shingo.

"Hitilafu gani? Bomba liko njia panda. Nimelipita asubuhi, limelala pale na mdomo wazi."

Katibu mkuu alimsogelea sikioni. "Mheshimiwa, kata tu. Kamera ziko hewani."

"Vizuri. Wapige vizuri basi, nisije nikaambiwa sikusema."

Aliuchukua mkasi kutoka kwenye sinia. Watu wakadhani amekubali, na mpiga tarumbeta wa bendi akajaza mashavu hewa. Mama Subiri akauinua ili kila mtu auone.

"Mimi ni mkunga," alisema, wala hakuhitaji kipaza sauti. "Nimewakata vitovu nusu ya mliosimama hapa, na hakuna niliyemkata kabla hajalia. Hii wodi haijalia. Bomba hili likilia, niiteni. Leo sikati."

Akaurudisha mkasi juu ya kitambaa chake chekundu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mpiga tarumbeta akatoa pumzi yake bila tarumbeta.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Walikuwa njiani kurudi, vumbi likiwa limekwisha kulifunika tena lile gari safi, taarifa ya habari ya mchana redioni ilipotangaza kwamba uteuzi wa waziri wa afya umetenguliwa. Hakuna sababu iliyotolewa. Baada yake ikasomwa habari ya bei ya sukari.

Dereva alipunguza mwendo, akasimama kando ya barabara.

"Mama," alisema, "kanuni inanitaka nifunike bendera."

"Funika, baba. Kanuni haina kosa."

Alishuka akaivisha ile bendera ndogo ala yake ya ngozi. Aliporudi kitini macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyeanza kuchota. Nimekufukuzisha kazi kwa ndoo moja."

"Ndoo ngapi?" aliuliza Mama Subiri. "Lile gari lilikuwa linang'aa mno kwa ndoo moja." Akamwacha acheke kwa machozi, kisha akaendelea: "Nisikilize. Ungeyaacha yale maji, bomba lingetoa, nami ningenawa, ningekata, na ningelala usingizi nikijidanganya kwamba nimefanya kazi. Umeniokoa. Sema tu uliniokoa kwa kuzembea."

"Sasa nikuite nani?"

"Niite dada. Na ugeuze gari."

"Nyumba ya serikali iko mbele, dada."

"Najua. Wodi iko nyuma. Gari wanalitaka lini?"

"Leo."

"Leo haijaisha. Geuza."

Magazeti yalimpa majina. Waziri wa Bomba, moja liliandika. Katuni zilimchora akizalisha tangi. Baadhi ya waliokuwa wakimpisha milangoni sasa walivuka barabara wasikutane naye. Fundi saa alihamisha meza yake ya kazi kurudi kwenye nyumba yao ya zamani, na mvua ya kwanza iliponyesha alilala upande mkavu wa kitanda, huku mkewe akitega sufuria. Ahadi ni deni.

Yeye alirudi wodini. Mwanzoni mganga mkuu hakujua amweke wapi, maana hakuna kanuni inayosema waziri aliyetolewa avae aproni gani. Mama Subiri alimsaidia kwa kuivaa tu. Asubuhi moja mfanyabiashara wa mjini alimkuta njiani na ndoo ya maji ya kisima.

"Mheshimiwa mzima! Huoni haya?"

"Haya ya nini? Wewe mkeo alipojifungua, ndoo uliibeba wewe?"

Mtu yule alikumbuka kwamba ana haraka.

Utepe ukabaki mlangoni pa wodi mpya. Jua liliupausha, mvua ikaulegeza, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa. Waziri mpya alikuja, na msafara, na sinia. Alikuta wanawake wa mji wamejipanga, si mbele ya mlango, bali mbele ya sinki. Hawakupiga kelele wala kubeba mabango. Mmoja tu, bibi mwenye ndoo kichwani, alimwambia kwa heshima zote, "Fungua bomba kwanza, baba."

Waziri alilitazama bomba. Akazitazama kamera. Akatangaza kwamba amekuja kukagua maendeleo, akakagua, akapanda gari.

"Mtu mzima kaogopa bomba!" alisema fundi saa alipohadithiwa, akacheka mpaka skrubu ikamponyoka.

Habari hiyo ilisambaa, na kwa kuwa hakuna mkubwa anayependa kuchekwa mara mbili mahali pamoja, mafundi wakaonekana njia panda na sururu zao. Mtaro ukachimbwa. Maji yalifika siku ambayo haikuwa na sherehe yoyote. Bomba lilikohoa, likatema kutu, kisha likalia kweli, na kinamama waliliacha litiririke mpaka matroni akaja kuwafokea kwamba wanamwaga mali.

Ndipo serikali ikaandaa sherehe nyingine. Mahema yaleyale, bendi ileile. Na kwa kuwa umati wote ulikuwa unamtaka mtu mmoja, waziri mpya alionelea ni busara amwite, amshikishe mkasi, apige naye picha. Katibu mkuu alitumwa kumleta.

Alimkuta katika wodi ya zamani, amevaa viatu vya mpira, ameinama kwa binti mdogo aliyemng'ang'ania kiganja.

"Mama," alisema katibu mkuu kutoka mlangoni, kwa ile sauti yake ya upole, "Mheshimiwa anakusubiri. Kamera ziko tayari."

"Mwambie asubiri," alijibu bila kugeuka. "Njia haijafunguka."

"Lakini, Mama, viongozi wote..."

"Huyu amekuja peke yake. Hana mama mkwe, hana wifi. Leo wewe ni kaka yake. Ndoo ile pale, na bomba liko ng'ambo ya ua, unalijua vizuri."

Katibu mkuu alitazama suti yake. Akatazama ndoo. Labda alikumbuka mawaziri wote aliowaaga kwa tabasamu, labda hakukumbuka chochote. Ila watu waliokuwa chini ya mahema walimwona akivuka ua na ndoo tupu, kisha wakamwona akirudi nayo imejaa, anachechemea upande mmoja, maji yakimwagikia viatu vyake vilivyong'arishwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alisogea tu akampisha njia.

Waziri alisubiri. Bendi ilipiga wimbo, ikaurudia, ikanyamaza. Na katika ukimya ule, kutoka kwenye dirisha lililozibwa kwa mbao, kikatoka kilio cha mtoto, kikali, chenye hasira, kikavuka ua wote mpaka kwenye viti vya wageni.

Ndani, Mama Subiri alichukua mkasi wake, ule wa kawaida, uliochemshwa, usio na dhahabu. Alikata. Akamlaza mtoto kifuani mwa mama yake, akanawa mikono yake mikubwa kwa maji aliyoletewa, taratibu, mpaka kwenye viwiko.

"Nenda kamwambie akate," alimwambia katibu mkuu. "Mimi nimeshakata changu."